Someni shina la wembe kabla ya kugusa kutu

Mhariri,

Nyumba kongwe za Amu zinapokarabatiwa au kuuzwa, makasha hufunguliwa, zidaka hukung'utwa, na mara kwa mara hutoka humo wembe wa kukunja: bapa jeusi kwa kutu, mpini uliopinda, na karibu na mkia jina ambalo hakuna mtaani aliyewahi kulisikia. Malindi ni hivyo hivyo, hasa katika familia zilizokuwa na vinyozi. Yanayofuata ndiyo yaliyotusukuma kukuandikia. Wembe husuguliwa kwa waya wa sufuria mpaka ung'ae, au hupelekwa kwa mnoa visu wa baiskeli, au mgeni huuziwa kwa bei ya soda mbili, kwa hoja kwamba ungekuwa wa maana jina lake lingejulikana. Sisi tunaozikarabati nyembe hizi tunaipinga hoja hiyo, na tunaomba nafasi tueleze kwa kirefu kazi inavyopaswa kwenda: kusoma kwanza, kusugua baadaye, na mara nyingine kutosugua kabisa.

Jina lisilojulikana lina maelezo yake. Katika karne ya 19 nyembe nyingi za kukunja zilizouzwa duniani zilitoka Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani. Thiers ya Ufaransa na Eskilstuna ya Uswidi nazo zilikuwa na fungu lao. Katika miji hiyo wembe haukutoka mkononi mwa mtu mmoja. Mmoja aliufua, wa pili aliuchonga kwenye gurudumu la jiwe, wa tatu aliutia mpini, na wengi wao walikuwa mafundi wa kujitegemea waliolipwa kwa idadi ya kazi. Aliyegonga jina lake huenda alikuwa na karakana kubwa, huenda alikuwa na chumba kimoja na mwanagenzi mmoja, na huenda hakuwahi kushika nyundo: alikuwa mwenye duka la London, Hamburg au Bombay aliyeagiza dazeni kadhaa zigongwe jina la duka lake. Hivyo wembe wa jina geni unaweza kuwa umepita katika mitaa ile ile na mawe yale yale kama wembe wa Joseph Rodgers, wa Wade & Butcher au wa J. A. Henckels. Kwa Sheffield, hata feleji ilikuwa ya aina moja, ile iliyoyeyushwa katika vyungu vya udongo kwa njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740. Ubora wa wembe hupimwa kwenye bapa lenyewe. Umaarufu wa jina unatwambia tu nani alikuwa na pesa za kujitangaza.

Sasa kusoma. Shina ni ile sehemu nene isiyo na makali, kati ya bapa na mkia, inayopitiwa na ribiti ya mpini. Humo ndimo chapa ilimogongwa. Usiloweke wembe, usiufute kwa kitu kikali. Ulaze juu ya kitambaa cheusi mahali penye giza kidogo, kisha uelekeze tochi kutoka ubavuni, karibu usawa na chuma, ili kila herufi ijae kivuli chake. Piga picha, zungusha tochi, piga tena, mpaka umemaliza pande zote nne, kisha geuza wembe ufanye upande wa pili, kwa kuwa mara nyingi mtengenezaji yuko upande mmoja na mji au duka liko upande mwingine. Herufi iliyojificha kwenye mwanga wa kwanza hujitokeza kwenye wa tatu. Ikiwa kutu imefunika kabisa, tia tone la mafuta ya taa, liache usiku kucha, kisha fuata mifereji ya herufi kwa kijiti cha kuchokolea meno. Paka unga wa chaki, pangusa juu juu kwa kidole. Chaki hubaki ndani ya herufi na jina husomeka.

Waya wa sufuria huharibu kwa namna moja inayoeleweka. Chapa yenyewe ni mfereji usiofikia hata nusu milimita, na kutu imeshala kingo zake. Waya humega kingo zilizobaki, mfereji hupoteza ukuta, na herufi kama S, B na 8 hufanana. Shina likishang'ara hivyo, hakuna mwanga utakaolirudisha jina.

Maneno mengine yaliyogongwa si majina, na watu wamepotea nayo. Cast Steel ni feleji ya vyungu tuliyoitaja. Warranted ni ahadi ya muuzaji. Hollow Ground ni kusema kwamba mashavu ya bapa, yaani pande zake mbili, yamechongwa yakabonyea. Silver Steel ilitokana na majaribio ya James Stodart na Michael Faraday, mwanzoni mwa miaka ya 1820, ya kuchanganya feleji na fedha kidogo sana, sehemu 1 kwa 500. Watengenezaji waliyapenda maneno hayo wakayagonga huku na kule, na kuyaona shinani hakuthibitishi kwamba mna fedha ndani.

Herufi chache zinazozunguka jina zina faida kuliko jina lenyewe. "& Son" si "& Sons": kati ya hayo mawili kuna mtoto wa pili aliyeingia katika biashara, na mwaka alioingia unaweza kupatikana. "Late" mbele ya jina humaanisha kwamba huyo ni mwenye karakana aliyetangulia. Kwa Kijerumani tazama Sohn na Söhne kwa mtoto na watoto, Gebr. kwa ndugu, na Nachf. kwa mrithi wa biashara. Ukiona mtaa umetajwa, anza na mtaa. Majina ya ukoo ya Sheffield yanajirudia mno, lakini mtaa na kazi havijirudii ovyo.

Pa kutafuta papo, na pengi hapahitaji nauli. Chuo Kikuu cha Leicester kimeweka kwenye intaneti, bila malipo, vitabu vya zamani vya anwani za wafanyabiashara wa miji ya Uingereza. Gazeti rasmi la serikali, London Gazette, nalo hutafutika bure, na humo hutangazwa ubia unapovunjika na mtu anapofilisika. Watengenezaji wadogo wengi wameacha alama yao moja tu katika kurasa hizo, na alama hiyo ina tarehe. Chama cha wafua visu cha Hallamshire, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1624, kiliandikisha alama za mafundi wa Sheffield. Jumba la makumbusho la Kelham Island mjini humo lina mkusanyo wa Hawley, wa vifaa na visu vya Sheffield. Kwa Solingen kuna jumba la makumbusho la visu na panga lililoko Gräfrath, na hifadhi ya nyaraka ya mji. Ukiandika kuuliza, peleka picha ya shina, upana wa bapa na unene wa mgongo kwa milimita, na umbo la ncha. Swali lenye jina peke yake hujibiwa kwa jina peke yake. Angalia pia kazi iliyoandikwa kando ya jina katika vitabu vya anwani: mtengenezaji wa nyembe, wa visu vya mezani, au mfanyabiashara tu. Jina likionekana katika toleo moja na kukosekana katika lile lililotangulia na lile lililofuata, tayari umeuweka wembe wako ndani ya miaka michache.

Umri una alama zake nje ya jina. Wembe usio na mkia, au wenye kijimkia kifupi tu, kwa kawaida ni wa kabla ya miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Bapa pana na zito, lenye umbo la kabari na mashavu yaliyo karibu tambarare, ni la nusu ya kwanza ya karne hiyo. Mashavu yaliyobonyea sana yalienea baadaye, katika robo yake ya mwisho, na kazi hiyo ndiyo iliyoipa Solingen sifa. Taji lenye herufi W R lina faida kubwa, kwa kuwa Mfalme William IV alitawala kuanzia 1830 hadi 1837 tu. V R, ya Malkia Victoria, inakuacha na miaka 64. Sheria ya Uingereza ya alama za bidhaa ya 1887, na sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ndizo zilizofanya jina la nchi lianze kugongwa kwa wingi, hivyo neno Germany shinani huashiria wembe wa baada ya hapo. Herufi D.R.G.M., alama ya Kijerumani ya muundo wa bidhaa uliosajiliwa, zilianza 1891. Jina la Wald, Ohligs, Höhscheid au Gräfrath likiwa limegongwa kama mji unaojitegemea, wembe uko kabla ya 1929, mwaka ambao miji hiyo iliunganishwa na Solingen. Stainless au Rostfrei haiwezi kutangulia 1913, mwaka ambao Harry Brearley alipata feleji isiyoshika kutu huko Sheffield. Kutokuwepo kwa jina la nchi, kwa upande mwingine, hakuthibitishi ukongwe, maana bidhaa za kuuzwa nyumbani hazikulazimika kuwa nalo. Wala mpini hauthibitishi kitu peke yake. Mipini ilivunjika ikabadilishwa.

Bidhaa za Solingen kukutwa Amu hakupaswi kumshangaza mtu. Nyumba za biashara za Hamburg, O'Swald na Hansing, zilikuwa Unguja katika karne ya 19, na hapa Amu penyewe Wajerumani walifungua posta yao 1888, wakaifunga 1891.

Tarehe hizi si za kujifurahisha tu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kitu cha namna hiyo hakitoki nchini bila kibali. Anayemuuzia mtalii wembe wa W R aliourithi kwa babu huenda anamtia mgeni wake katika matatizo uwanja wa ndege. Na mpini ukiwa wa pembe za ndovu, jambo ni zito zaidi: biashara yake ni kosa, na hata kuwa nao bila kibali ni kosa, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Gamba la ng'amba lina hukumu kama hiyo. Mwenye mpini wa aina hiyo aende kwa maofisa wa wanyamapori kwa hiari kabla ya kufikiria fundi. Sisi hatuupokei.

Kwa hiyo hatua ya pili baada ya shina ni kuujua mpini. Pembe za ndovu zina mistari hafifu isiyolingana sawasawa, na kwenye sehemu iliyokatwa mistari hiyo hupishana kama wavu. Mfupa una vidoa na vijistari vyeusi vya mishipa. Mistari iliyonyooka kwa usawa kamili ni ya selulodi, plastiki ya zamani, iliyoigizwa pembe za ndovu. Pembe ya ng'ombe au nyati huonyesha nyuzi na, ikishikwa juani, hupitisha mwanga wa rangi ya asali pembeni. Selulodi ina kipimo rahisi ambacho kila mtu wa pwani atakitambua: isugue kwa kitambaa kikavu mpaka ipate joto, kisha inuse. Itanuka kafuri. Usijaribu kwa sindano ya moto kama wengine wanavyofundisha, kwa sababu selulodi hushika moto upesi na haizimiki kwa kupulizwa.

Selulodi tunataka kuikalia kidogo, kwa kuwa katika joto la pwani ndiyo inayoua nyembe nyingi huku lawama ikipewa bahari. Hutengenezwa kwa pamba iliyotiwa tindikali ya naitriki, na kafuri ya kuilainisha. Miaka ikipita, kafuri huruka na mpini huanza kuachia mvuke wa tindikali ile. Mvuke ukikutana na unyevu wa hewa yetu huwa asidi kamili juu ya chuma. Dalili ni hizi: mpini hugeuka kuwa na ukungu au manjano, hupasuka vijimraba, hutoa harufu kali ya uchachu, na bapa lina kutu mahali pale tu linapolala ndani ya mpini wakati limekunjwa, huku shina lililo nje likiwa safi. Ukiona ramani hiyo ya kutu, kusugua hakusaidii. Utasugua leo na kutu itarudi pale pale. Wembe mwingine uliolazwa katika kisanduku hicho hicho nao utaliwa, na kisanduku kilichofungwa sana huzidisha. Dawa ni moja: toa mpini, upige picha na kuupima kwa ajili ya kumbukumbu, kisha uondoe nyumbani. Usiutupe jikoni wala palipo na taka zinazochomwa.

Mpini mpya ufanywe kwa mpingo, mti mzito wenye mafuta yake, usiopinda kwa unyevu. Kila kipande kiwe na unene wa milimita 2.5 hadi 3. Matundu ya milimita 1.6, na ribiti ya waya wa shaba ya manjano wa unene huo huo. Kata waya ubaki ukizidi kijisahani cha shaba kwa milimita 1 hivi kila upande, kisha ugonge kwa nyundo ndogo yenye uso wa mviringo, mapigo mengi mepesi, ukigeuza upande kila baada ya machache. Pigo zito hupindisha waya ndani ya tundu. Wembe hufunga kwa mshazari na makali huligonga ukuta wa mpini. Kabari ndogo ya mwisho wa mpini isiwe na unene sawa kotekote: upande wa nje mnene, upande wa ndani mwembamba, ili vipande viwili vivutane na bapa lilale katikati. Nyembe za zamani zina kabari ya risasi. Hiyo isipigwe msasa mkavu, vumbi lake ni sumu. Mpini wa pembe ulio mzima uachwe na ribiti zake za asili. Kuzing'oa na kuzigonga upya hupasua pembe kavu kwenye matundu, na safari nyingi haikuwa lazima: ndani ya mpini husafishika kwa ukanda wa karatasi uliolowa mafuta ya cherehani.

Kabla ya msasa wowote, uliza kama bapa linastahili kazi. Ufa ndio hukumu ya mwisho. Pangusa bapa kwa mafuta ya taa, likaushe vizuri, kisha lipake unga wa chaki na ungoje dakika chache. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi juu na kuchora mstari wa majimaji katika chaki. Ufa unaoanzia kwenye makali huwa unaendelea, haurudi nyuma. Wembe huo uhifadhiwe kama kumbukumbu, usinyolewe nao. Pengo la chini ya milimita 1 linaweza kunolewa likaisha. Vishimo vya kutu vilivyo kwenye makali yenyewe ni vibaya kuliko pengo, kwa sababu kila unaponoa unafungua kishimo kipya chini ya kile ulichokimaliza. Tazama pia rangi. Feleji ya wembe, ikishafanywa ngumu, hutulizwa kwa joto lisilozidi takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Kivuli cha manjano karibu na makali humaanisha lilipita 220. Buluu ni karibu 300, na hapo ugumu umekwenda.

Buluu hiyo karibu kila mara ni kazi ya gurudumu la kunolea. Hatuwatukani wanoa visu; panga na visu vya jikoni wanavitendea haki. Lakini ukingo wa wembe uliobonyezwa mashavu ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari, hauna pa kupeleka joto, na gurudumu kavu huuchoma kabla jicho halijaona cheche. Hata bila kuuchoma, gurudumu huvuruga hesabu. Wembe hauna pembe ya kukadiria kwa mkono: mgongo na makali hulazwa juu ya jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaopanga pembe. Bapa la upana wa milimita 19 na mgongo wa milimita 5.5 lina pembe ya takriban digrii 16 na nusu, ambayo ni nzuri. Likikatwa na gurudumu likabaki milimita 14 huku mgongo ukiwa vile vile, pembe inafika digrii 22. Wembe wa pembe hiyo hukwaruza na kung'oa ndevu. Ukinolewa kwa jiwe tangu mwanzo, mgongo na upana hupungua pamoja na pembe hubaki pale pale kwa vizazi.

Kusafisha kutu kufanywe kwa kiasi. Kwanza ua makali kwa kuyapitisha mara chache juu ya mdomo wa chupa, maana wembe unaosafishwa ukiwa mkali huchinja vidole. Lifunge bapa juu ya ubao, makali yakielekea kwenye ubao. Msasa wa maji namba 600, uliozungushiwa kizibo cha chupa na kuloweshwa mafuta ya taa, ndio wa kuanzia. 400 ni kwa bapa la kabari lenye chuma cha kupoteza. Kisha 1000, kisha 2000, ukisugua kwa urefu wa bapa. Kutu nyekundu lazima itoke. Ile nyeusi, laini na iliyoshikana, imetulia na inalinda chuma kilicho chini yake, iache. Anayefukuza kila kishimo kwenye mashavu membamba atatoboa wembe. Shina usilipitie msasa hata kidogo. Maandishi yaliyochorwa bapani kwa tindikali yana kina kidogo kuliko chapa, na yakiwa na rangi ya dhahabu, hata dawa laini ya kung'arishia shaba huiondoa kwa mifuto michache. Ndimu, siki na ukwaju, tunavyovitumia kwa sinia za shaba, havifai hapa: asidi hula kingo za herufi na kuacha chuma na rangi ya kijivu.

Kinoo kiwe tambarare. Kichoree mistari ya penseli, kisugue juu ya msasa 400 uliolazwa kwenye kioo kinene mpaka mistari iishe yote kwa pamoja. Tumbawe, hata kama kizingiti chake kinatia panga makali, ni chokaa laini yenye chembe za mchanga zisizolingana, halinoi wembe. Anza na jiwe namba 1000 na ukae hapo. Robo tatu ya kazi yote iko hapo, na wanaoshindwa hushindwa kwa kuondoka mapema. Paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko mwembamba unaozaa makali, pitisha mara mbili, tazama: wino uliobaki unaonyesha pasipoguswa. Pasipoguswa, jiwe la 8000 halitapafikia. Yatazame makali kutoka juu kabisa chini ya taa. Ukiona kimstari kinachong'aa, pande mbili za makali hazijakutana. Kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na 12000 kwa mwenye ngozi laini. Mkono uwe mwepesi, wembe ujibebe wenyewe. Mkono mzito hulikunja bapa lililobonyea, makali yakainuka kwenye jiwe, na unanoa kila mahali isipokuwa pale unapotaka. Mgongo ukiwa na nakshi, ufunike kwa utepe mmoja wa mafundi umeme. Utaongeza pembe kwa chini kidogo ya digrii 1, na ubadilishwe kila ubadilishapo jiwe, la sivyo unapochakaa pembe huhama.

Baada ya hapo, mara 30 juu ya turubai safi na 50 juu ya ukanda wa ngozi uliovutwa ukanyooka, ukiugeuza wembe kwa mgongo wake, kamwe si kwa makali.

Chumvi ndiyo adui wa kudumu. Imejikita ndani ya vishimo na huendelea kula hata chini ya mafuta. Baada ya kusafisha, suuza kwa maji ya mvua au maji safi ya betri (yale yasiyo na asidi, chupa isomwe vizuri), si maji ya kisima yenye munyu. Kausha hapo hapo, kisha paka mafuta ya cherehani kidogo tu. Mafuta ya kupikia, ya nazi yakiwemo, huchacha na kuacha utando unaonata. Ala ya ngozi ni ya safari. Wembe ukilala humo, ngozi hushika unyevu na kuukabidhi kwa chuma. Kitambaa kilicholowa mafuta na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya vinatosha.

Kwa vinyozi wa Malindi na Amu wanaotaka kuzirudisha nyembe hizi dukani tunasema wazi: hapana. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita katika damu isiyoonekana kwa jicho, na wembe wa kudumu hauwezi kuaminika kati ya mteja na mteja. Jik hula feleji kwa dakika chache, na maji yanayochemka hupindisha mpini wa pembe. Dukani zitumike zile za kubadilisha kijembe kila mteja. Wembe wa kale uwe wa mtu mmoja, na upanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya siku ya kwanza.

Ombi letu ni kwa Makumbusho ya Lamu na ya Malindi: wafungue daftari la majina ya nyembe. Mwenye wembe hahitaji kuutoa wala kuuonyesha mara mbili. Kadi moja inatosha, yenye picha za shina pande zote mbili, upana wa bapa na unene wa mgongo kwa milimita, aina ya mpini, umbo la mkia na la ncha, na mtaa ulikokutwa bila jina la nyumba. Jina lililosomeka nusu liandikwe nusu hivyo hivyo, na nukta moja mahali pa kila herufi iliyopotea, asije mtu akaikamilisha kwa kukisia.

Wanoaji na wakarabati wa nyembe za kukunja,
Langoni, Lamu